Nilipeleka mgeni Ilula aone hasara, Mama akaificha yote

Wakuu, heshima kwenu. Hii nimeikalia muda mrefu kwa aibu. Leo naimwaga ilivyokuwa, chumvi sijaongeza.

Kwetu ni Ilula, ila naishi Mbeya mjini. Niko kwenye kikundi cha vijana wa climate justice. Tunapiga kelele kwamba nchi zilizochafua hewa ziwalipe watu wanaopata hasara huku, ile wanaita loss and damage. Nikishika mic sishikiki.

Sasa mvua ya mawe ikaponda nyanya za Mama zikiwa zinaanza kuiva. Msimu wa nyuma yake zilikauka kwa jua. Mama akaniambia basi, ameshindwa, shamba anaacha, anahamia kwa dada yangu Makambako.

Wakuu, Mama bila shamba namjua. Ataugua.

Nikapambana mpaka shirika moja likamtuma dada mmoja, Neema, akusanye ushuhuda wa wakulima uende kwenye mkutano wa kimataifa. Nyumba ya kwanza, kwa Mama.

Nikampigia: "Mama, Alhamisi nakuja na mgeni, anataka kuona hasara."

Aisee, mama wa Kihehe ukishamtajia mgeni, hayo mengine umejisemea mwenyewe.

Tunafika, uwanja umefagiwa mpaka unaogopa kukanyaga. Ukuta uliobomoka umesiribwa udongo mpya. Makochi ya jirani, Mama Sofi, yamehamia kwetu pamoja na vitambaa vyake. Shambani ndiyo kabisa, mashina yote yaliyopondeka yameng'olewa na matuta yamenyooshwa.

Nikamvuta Mama pembeni. "Zile nyanya zilizoharibika ziko wapi?"

"Nimetupa. Mgeni aje aone uchafu? Atasema sijui kulima."



Neema akawasha kinasa sauti. "Mama, hali ya hapa ikoje?"

"Nzuri tu mwanangu, tunamshukuru Mungu."

"Na mavuno?"

"Siyo haba."

Mimi nakohoa, nakonyeza. Mama akanigeukia: "We una nini? Kanywe maji."

Kuku akaliwa. Halafu ikaja zawadi ya mgeni. Ndoo ya nyanya! Nyekundu, zimenona! Neema alinitupia jicho, wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Akafunga daftari, akaaga.

Na hapo ndipo nilipokumbuka nilikozaliwa. Kwetu mgeni akiwa kwenye kiti humwelezi shida, utamharibia chakula. Shida anaambiwa wakati wa kumsindikiza.

Tunaelekea barabarani, Mama kamshika Neema mkono. Akaanza taratibu.

"Mwanangu, hizo nyanya ni za Mama Sofi, yeye analima bondeni, mawe hayakufika. Mimi sina hata moja. Nimepanda mara mbili, zote zimekwenda. Siku hizi ngurumo ikilia naingia chini ya kitanda, mtu mzima mimi."

Neema akasimama. Kinasa sauti kipo kwenye mkoba, na mkoba alikuwa kaufukia mwenyewe ndani ya ndoo niliyobeba, chini ya nyanya, usipate vumbi.

Tukamwaga nyanya zote kando ya lami. Basi likapunguza mwendo, abiria wakatoa vichwa: "Ndoo bei gani?" Mama anasimulia anafuta machozi, Neema anarekodi analia, mimi nafukuza wateja huku kamasi zinanitoka.

Ushuhuda ulikwenda. Fidia? Hatujaona kitu mpaka leo, nisiwadanganye.

Nilichojifunza: wewe mwanaharakati mwenzangu, ukitaka ukweli wa watu wetu usiharakishe kuzima kinasa sauti. Kubali kusindikizwa kwanza. Na wewe usijifanye msomi ukasahau mila za mama yako. Waliowahi kuumbuliwa na wazazi mbele ya wageni, hebu shukeni hapa chini tucheke wote.

Ila Mama Makambako hakwenda. Juzi nimemkuta shambani, kapanda tena nyanya.

Nikamuuliza, si ulisema umeacha?

Akaniangalia kama mjinga. "Yule binti kaandika shamba langu kwenye daftari lake. Akirudi akute pori?"