Taa ya Kulia Barabara ya Handeni

Saa tano na dakika ishirini asubuhi mwanamke mmoja alipiga hodi nyumbani kwangu Kwamndolwa, akaulizia gari la kukodi. Nina gari moja dogo ninalowakodisha wageni, na waendesha bodaboda wa stendi ya Korogwe wananifahamu. Mmoja wao ndiye aliyemleta. Mgeni huyo alikuwa wa miaka arobaini hivi, ametoka Burundi, na tangu jana yake alfajiri alikuwa njiani. Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu, kwa sababu baba yake alizaliwa na kukulia kwenye kambi ya mkonge, hapa hapa Korogwe, kabla ya kuhamia Burundi, nchi ya wazee wake.

"Shangazi yangu amefariki juzi usiku, Handeni, pale Chanika," alisema. "Jeneza linatoka saa saba kwenda msikitini. Uso wake nimeuona kwenye simu tu, dada. Nataka nimuage."

Wanawake hatuendi makaburini. Asingefika kabla jeneza halijatoka nyumbani, asingemwona tena. Basi la Handeni lilikuwa na abiria wanne, na lisingeondoka mpaka lijae. Tena alihitaji gari kwa siku nne, awatembelee ndugu wa vijijini.

Kwa kawaida mgeni namzungusha mtaani nusu saa kabla sijampa funguo. Siku ile tulifanya dakika kumi. Leseni yake ilikuwa haijaisha muda. Nchini kwao watu huendesha upande wa kulia, lakini magari yao mengi yana usukani kulia kama yetu, kwa hiyo mikono yake haikubabaika. Hata hivyo niliamua kukaa naye mpaka Handeni, ajizoeze nikiwepo, kisha nirudi na basi.

Aliendesha vizuri. Alishika kushoto bila kukumbushwa, akapunguza mwendo penye watoto wa shule. Tulipofika kwenye mlima tulikuta lori la mahindi mbele yetu, linapanda taratibu. Tulikaa nyuma yake dakika sita. Niliona akitazama saa mara tatu.

Lori likawasha taa ya kulia.

"Asante, baba," akasema mgeni wangu, akatoka kulipita.

"Rudi! Rudi nyuma!" nilipiga kelele.

Basi lilikuwa limeshachomoza kileleni, linatujia. Akakanyaga breki, akarudi nyuma ya lori, tairi za kushoto zikatoka kwenye lami, na kioo cha pembeni kikagonga nguzo ya alama ya barabarani. Basi lilipita likipiga honi ndefu.

Lori lilisimama juu. Dereva wake, mwanamume wa rika langu mwenye taulo shingoni, akaja kwa miguu.

"Mama, dereva huyu umempata wapi?" aliniuliza. Kisha akamgeukia mgeni. "Dada, nimewasha taa ya kulia. Hukuiona au umenidharau?"

"Nimeiona, baba. Ndiyo maana nimetoka."

"Ndiyo maana! Na ningewasha zote mbili, ungepaa?"

"Kwetu lori likiwasha kulia linakuambia pita. Likitaka kukuzuia linawasha kushoto."

Dereva akageuka kuitazama taa ya lori lake. Mimi nilihitaji muda kidogo kulielewa jambo hilo. Dereva wa lori huwasha taa ya upande ambao hatari inatokea. Kwetu gari linalokuja liko kulia kwake. Kwao liko kushoto. Uungwana ni ule ule, ila umegeuzwa. Nina karatasi ya mambo kumi na manne ambayo namsomea kila mgeni, kuanzia jeki mpaka kizima moto, na taa hiyo haikuwemo. Miaka yote nimeifuata bila kufikiri kwamba mtu angeweza kuisoma vingine. Kosa lile lilikuwa langu kuliko lake.

"Kumbe nilikuwa nakupa ruhusa ya kufa," dereva alisema, sauti imeshuka. "Mnawahi nini?"

Nikamweleza.

"Pole sana, dada. Nitasogea pembeni. Nikiwasha kushoto, piteni. Huku kwetu hiyo ndiyo ya kupita."

"Endesha wewe, dada," mgeni akaniambia, na tukabadilishana viti. Lori liliwasha kushoto, nikapita.

Tuliingia Chanika saa saba kasoro dakika nne. Wanaume walikuwa wameshalibeba jeneza, wamefika uani. Mgeni alishuka kabla sijazima injini.

"Shusheni!" mwanamke mmoja akaita kutoka mlangoni. "Mtoto wa kaka yake amefika! Shusheni kwanza!"

Wakalirudisha ndani. Yule mwanamke akaifunua sanda usoni. Mgeni akapiga magoti, akatazama, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shikamoo, shangazi."

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akaitika kwa niaba ya marehemu: "Marahaba, mwanangu."

Jeneza liliondoka saa saba na dakika tatu. Hakuna aliyelalamika.

Baada ya siku nne alirudisha gari likiwa limeoshwa, akalipa tulichokubaliana, akataka kulipia na kioo. Nilikataa. Tulivutana kidogo pale mlangoni, mpaka akarudisha pochi yake mkobani. Kioo pamoja na ufundi vilinigharimu shilingi elfu thelathini na nane.