Alto Peke Yake

Mama yangu alinifundisha kuimba kwa kunifinya sikio. Alikuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, mimi nikiyachambua pembeni yake, na wakati huohuo akiimba wimbo wa Jumapili kwa sauti yake ya alto, sauti ya chini ya wanawake, ili nimfuate. Nikishuka chini ya noti hata kidogo, aliuacha mchi, akanifinya, akarudi kutwanga. Siku moja damu ilitoka, akaifuta kwa pindo la nguo yake na kuanzisha ubeti wa pili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilikua na sikio lisilomsamehe mtu.

Kijiji chetu kiko kando ya mto, ukitoka Kisangani kushuka Yanonge, na kanisa letu la Kimethodisti lilikuwa dogo: kuta za matofali ya udongo, mabati yanayovuja upande wa wanaume, na rimu ya gari iliyoning'inizwa nje badala ya kengele. Kinanda hatukuwa nacho. Tulikuwa na ngoma mbili na sauti nne, na kwa hizo sauti nne tulijivuna sana. Makanisa ya jirani yalipoleta gitaa la umeme na spika, tuliwacheka, tukisema asiyejua kuimba lazima apige kelele.

Kila mwanamke wa kwaya alikuwa na liputa lake, kitenge cha buluu tulichokivaa wote sawa. Ukifa ukiwa nalo, unazikwa umefungwa ndani yake, na kwaya inakuimbia kaburini kwa sauti zote nne. Ukifa umelirudisha, kwaya inakuja, inakaa na kufunga mdomo. Watoto wa kijiji walilijua hilo kabla ya kujua amri kumi.

Maestro wetu, kiongozi wa kwaya, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mkavu aliyesomea muziki mjini. Yeye ndiye aliyenipa kazi ya kuwa Sikio la kwaya, nikiwa na miaka ishirini na minne. Kabla ya kila safari kubwa, kwaya ilisimama mbele ya kanisa zima na kuimba, nami nikapita kati ya mistari nimeinamisha kichwa, nikisikiliza vinywa kimoja kimoja. Anayeanguka chini ya noti namgusa bega. Ukiguswa mara tatu katika wimbo mmoja, Jumapili inayofuata unaleta liputa lako limefuliwa na kupigwa pasi, unaliweka juu ya meza ya Bwana, unarudi kukaa benchi la nyuma. Niligusa mabega mengi. Nilimgusa mjane wa watoto sita. Nilimgusa rafiki yangu mwenyewe, akalia mpaka mahubiri yakaisha, nami nikaona anajidekeza. Nasema kweli: niliipenda kazi ile. Nilipenda jinsi migongo ilivyokakamaa nikikaribia.

Mwaka mmoja tuliitwa mjini, kwenye mkutano wa makwaya. Masika yale mama alikuwa ameugua malaria kali, wakamtundikia dripu ya kinini kwenye zahanati, na tangu hapo masikio yake yalivuma. Alificha. Nyumbani alinijibu "Nini?" mara mbili mbili, akajifanya amechoka. Kanisani aliangalia midomo ya wenzake ili ajue wamefika wapi. Nilijua mimi peke yangu, maana nilikuwa nalala chumba kimoja naye na kula naye sahani moja.

Siku ya kupimwa, maestro alichagua wimbo ule ambao kanisa letu lilifungulia ibada kila Jumapili. Nilipita kwa besi, nikapita kwa teno, nikafika kwa alto. Nilimsikia kabla sijamfikia. Alikuwa amesimama wima kama kawaida yake, na sauti iko chini, chini kabisa, wala hajui. Ningeweza kupita. Maestro alikuwa upande wa pili, asingetambua ni nani. Lakini nilikuwa nimetamani kwenda kuimba mjini tangu nikiwa mdogo, na nilikuwa na hamu nyingine pia, ambayo sitaificha sasa kwa kuwa mama hayupo tena. Nililikumbuka sikio langu lililotoka damu.

Nikamgusa bega. Akanyanyua sauti, akaanguka tena. Nikamgusa. Mara ya tatu aligeuza uso akanitazama, na mkono wangu ulikuwa tayari juu ya bega lake.

Jumapili iliyofuata alilileta liputa limekunjwa vizuri kuliko yote niliyowahi kuyaona juu ya meza ile. Tulikwenda mjini bila yeye, tukasifiwa. Niliporudi nilimkuta anatwanga pondu kimya. Hakuimba tena, kanisani wala nyumbani. Chakula alinipikia, nguo zangu alinifulia, na akiulizwa habari yangu alisema naendelea vizuri. Heri angenipiga.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa nimehamia Mangobo, huko mjini, nikishona nguo kwenye baraza ya watu, nilipoletewa habari kwamba mama amelala hainuki. Nilimkuta amekuwa mwepesi mno. Alitaka kitu kimoja tu, na aliyeniambia ni jirani, si yeye: alitaka azikwe na liputa lake.

Nilikwenda kwa maestro, nikapiga magoti. Akasema sheria ni ya wote, lakini mgonjwa anaweza kupimwa kitandani, Sikio likiwepo. Alikuja mchana uleule, liputa liko kwapani. Jirani akamwinua mama kwa mto, mama akavuta pumzi, akaimba alto ya wimbo uleule. Sijawahi kusikia kitu kibaya namna ile. Hakukuwa na noti hata moja iliyobaki mahali pake.

Maestro akanigeukia. "Bon. Sikio inasema nini?"

"Hakuanguka," nikasema kwa nguvu, ili mama asikie. "Hata kidogo."

Maestro, na huu ndio wema pekee niliowahi kuuona kwake, akaliweka liputa juu ya miguu ya mama.

Mama hakuligusa. Alikuwa akinitazama mdomo, kama alivyozoea kuwatazama wenzake.

"Ile siku ulisema kweli mbele ya batu bote," akaniambia. "Leo uko nasema bongo mbele ya batu batatu. Maestro, beba kitu yako."

Nilimsihi. Akageukia ukutani. Maestro alilichukua, akatoka. Siku ya nne mama akafa, tukamfunga kwa shuka la maua nililomletea kutoka mjini.

Kaburini waumini waliimba, mchungaji akasema yake, kisha ikafika zamu ya kwaya. Walikuwa wamekaa mistari miwili, wamevaa buluu, midomo imefungwa. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka watu wakaanza kutazama viatu vyao. Nikasimama mimi. Nikaimba wimbo wetu wa kufungulia ibada, beti zote nne, kwa sauti ya mama, alto peke yake bila soprano inayobeba wimbo, maana ndiyo niliyojifunza kwake na sina nyingine. Sikuanguka popote.

Tulipokuwa tukinawa mikono, mama mmoja wa kijiji, mtu wa benchi la mbele tangu nizaliwe, alinishika kiwiko na kuuliza ule wimbo nimeutoa wapi, ni wa kanisa gani. Nikamtajia jina la wimbo, ule wa kufungulia ibada kila Jumapili.

"Ah non," akasema. "Ule miye najua. Haiko ule."