Siku Nilijifanya Mgonjwa wa Tumbo

Najua mtanicheka, na mcheke tu, kwa sababu hata bibi yangu, kabla hajanijua, alikuwa amesikia kuna mhudumu fulani wa hospitali hapa Nakuru aliyekimbia matako nje mbele ya watu wa kwaya, na hakujua ni mimi mpaka tumepata mtoto wa pili.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, kazi yangu ikiwa kusukuma machela katika hospitali moja ya mjini. Mkubwa wetu, Sister Wambui, alikuwa amechoka kuona wagonjwa wa tumbo wakikaa kwa benchi tangu asubuhi, wakingoja kadi pamoja na wenye kikohozi na wenye jino, mpaka utumbo unapasukia ndani na daktari anaitwa wakati hakuna la kufanya. Akatupa amri mpya: mtu akija na tumbo gumu kama ubao, hakuna kupanga laini, hakuna kadi, ni machela mara moja na daktari wa upasuaji aitwe.

"Na msidanganywe na kelele," akasema. "Mwenye tumbo limeharibika hata kupumua anaogopa. Atatulia tuli." (Mimi nilikuwa nyuma nikimenya chungwa.)

Basi Jumatano moja akataka kutujaribu, aone kama kweli tumeshika, akanichagua mimi niwe mgonjwa kwa sababu nilikuwa mwembamba wa kubebeka. Hakumwambia mtu mwingine, hata daktari.

"Njoroge, kaa kwa benchi, shika tumbo, sema unaumwa. Basi. Usiongeze kitu."

Mimi nikaongeza. Mnaona, Krismasi iliyopita nilikuwa Lazaro kanisani na watu wakanisifu vibaya sana, na nikajiona mtu wa maigizo, kwa hivyo badala ya kusema naumwa nikatoa mlio kama ng'ombe anachinjwa, nikajibwaga kwenye benchi, nikapiga mateke, mpaka wenye kikohozi wakaacha kukohoa.

Kando yangu alikuwa mama mmoja aliyejifunika blanketi, ameletwa na lori ya kubeba maua ya pareto kutoka Keringet. Alinisogelea polepole, akaniachia nafasi yake.

"Lala hapa, mtoto wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Wewe umeumwa zaidi."

Nikalala! Wala sikumwangalia mara mbili.

Daktari Gurdip akaja mbio, kilemba kimepinda, akabonyeza tumbo langu, na mimi (shetani gani huyu) nikalikaza likawa ubao. "Chumba cha upasuaji, sasa hivi!" Nikamtafuta Sister kwa macho, kumbe ameitwa kwa simu ofisini. Wenzangu wakanibeba kwa kasi sijawahi kuona, suruali yangu mpya ya terilini ikakatwa kwa makasi kutoka chini mpaka juu, nikavishwa ile gauni ya wagonjwa iliyo wazi nyuma, na nilipofungua mdomo kusema ukweli, mpira ukaingizwa kwa pua mpaka tumboni. Jaribu kujieleza na mpira kooni. Nilitoa sauti ya bata.

"Pole, pole, usiongee," daktari akasema, akanawa mikono.

Hapo ndipo, nikiangalia taa kubwa juu yangu, nikamkumbuka yule mama. Jasho kwa uso na kulikuwa na baridi. Mkono ubavuni. Jinsi alivyosogea kama mtu amebeba mayai. Tuli.

Nikavuta mpira wote (msijaribu), nikaruka machela, nikatoka mbio, daktari nyuma yangu akipiga kelele, "Mshikeni, amechanganyikiwa!" na gauni ikipepea, na kwa mlango wa wodi ya kina mama si ndio nikakutana na kwaya ya kanisa letu, wamekuja kuimbia mgonjwa, wote, na bibi ya pastor mbele. Mmoja akaniita, "Lazaro!" Askari wa geti akanirukia, tukaanguka pamoja chini ya ile benchi ya yule mama.

"Daktari, mimi si mgonjwa! Ni huyu! Ni huyu mama!"

Daktari alinitazama, nikajua nitafutwa kazi. Kisha akapiga goti, akaweka mkono juu ya blanketi. Yule mama hakulia. Alishika tu mkono wa daktari asiutoe wala asiubonyeze.

Nilimsukuma mimi mwenyewe mpaka ndani, na gauni yangu. Utumbo ulikuwa umejikunja, umeanza kuwa mweusi, wakakata kipande wakaunga. Alipona. Wenzangu walinipiga mgongo wakasema nimeokoa mtu, lakini daktari alipotoka aliniambia neno moja tu: "Umemchelewesha." Hakunifuta. Afadhali angenifuta. Sister naye tangu siku hiyo kila asubuhi alipita kwa mabenchi akianza na walionyamaza, na akiniona ananiuliza kama nimeshiba chungwa.

Siku ya nne nikapata moyo wa kwenda kumwona mama. Alikuwa amekalia kitanda akinywa uji. Hakunitambua nikiwa na nguo.

"Kijana," akaniuliza, "yule mwenzangu wa kwa benchi, aliyekuwa akilia sana. Alipona?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Alipona, mama. Na amesema hataumwa tena maishani."