Nyumba ya Kagoma Tuliyoiandika Bukoba

Watu wa Muleba, ukitukuta Dar es Salaam ukatuuliza kwetu ni wapi, tutakwambia Bukoba. Hatudanganyi. Ndivyo tulivyowakuta wazazi wetu wakijibu, na anayeuliza akishasikia Bukoba anaridhika, anaanza kututania kwa majivuno yetu, maneno yanakwisha. Ukimwambia Kagoma atadhani ulitaka kusema Kigoma.

Kagoma, kijiji cha wilayani Muleba kando ya barabara kuu iendayo Bukoba, ndiko nyumbani kwa mama. Baba alijenga nyumba kubwa katikati ya shamba, yaani kibanja chetu, migomba mpaka madirishani, akidhani watoto tutakaa. Tukaondoka mmoja mmoja, naye akafariki. Siku mama alipoteleza jikoni akalala sakafuni mpaka jirani alipopita, kaka zangu wakasema imetosha, aje Bukoba mjini akae kwangu, mtaa wa Bakoba, nilikofungua duka la kuchapa na kutoa nakala.

Mama alikataa katakata. Alisema nyumba ikiwa na watu hatakuwa peke yake, kwa hiyo tuifanye ya wageni. Tukabishana, mwisho tukakubaliana: wageni wakija, atabaki na tutamtafutia msichana wa kumsaidia. Mavuno ya kahawa yakiisha na vyumba ni vitupu, atahama bila ubishi. Mama si mtu wa kuvunja neno lake, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana moyoni nilikuwa upande wake.

Rafiki yangu aliyeko Dar akatutengenezea tovuti, picha nzuri, mama amesimama mlangoni na kitenge kipya. Akanionya kwamba tovuti peke yake haitoshi. Mtu akitafuta nyumba ya wageni mtandaoni, yetu itakuwa chini kabisa, asikofika mtu. Dawa yake ni kuisajili kwenye saraka, yaani zile kurasa zinazoorodhesha biashara, nyingi iwezekanavyo. Akasisitiza jambo moja: jina, mahali na simu vifanane kila ninapojaza, hata mkato usitofautiane, la sivyo tovuti haitapanda.

Saraka ya kwanza ilipouliza mji, nilimpigia mama.

“Andika Bukoba,” alisema. “Kagoma nani anaijua, mwanangu?”

Nikaona ana akili kuliko mimi. Kwenye orodha ya miji yenyewe Kagoma haikuwemo, na Bukoba ilikuwemo. Nikaandika Bukoba, na namba ya simu ya mama. Kwa wiki kadhaa, wateja wakipungua dukani, nilikuwa najaza saraka: za utalii, za biashara za Afrika, nyingine za nchi ambazo sidhani kama mtu wake yeyote amewahi kula ndizi. Kote nilinakili maneno yale yale kama nilivyoelekezwa. Tulifanana kila mahali.

Na tovuti ikapanda! Nakumbuka nilivyopiga kelele dukani, mteja akaacha karatasi zake. Ukitafuta nyumba ya wageni Bukoba, ya mama ilikuwa juu, ikizipita hoteli za ziwani. Nilikwenda Kagoma mimi mwenyewe kumpelekea mama habari. Alicheka, akatoa mashuka mapya kabatini, akatandika vitanda vyote siku hiyo hiyo.

Wageni hawakuja. Mama alikuwa akifua mashuka ambayo hayajalaliwa na kuyatandika upya, akisema yanashika vumbi. Nikimuuliza kama simu inaita, anasema haiiti. Hilo halikunishangaza sana, maana mle ndani ya migomba mtandao ni wa kubahatisha, lakini nilijiambia anayetaka kuja atakuja tu, mahali si pameandikwa? Tuliilaumu tovuti, tukalaumu hali ya uchumi, kaka yangu mkubwa akalaumu migomba kwamba inaficha nyumba. Kahawa ikavunwa, ikaanikwa, ikauzwa. Mama akafunga virago vyake bila kuambiwa, akaenda kusimama kidogo kwenye kaburi la baba, akapanda gari. Nyumba tukampangisha mnunuzi wa kahawa. Alitoa vitanda, akajaza magunia.

Mama alikuwa hajamaliza mwezi kwangu, simu yake ikaita tukiwa tunamenya ndizi. Mjini mtandao hausumbui. Aliweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa na utomvu.

“Shikamoo mama. Tumetoka Mwanza na watoto, tuko hapa Bukoba. Ramani imetuleta sokoni, tunazunguka tu, nyumba hatuioni.”

“Marahaba, waitu,” mama alisema, akiongeza neno letu la Kihaya la upole. “Nyumba haiko huko. Iko Kagoma, Muleba.”

Mwanamke aliyepiga akashangaa. “Kagoma hii ya barabarani? Mbona tumeipita asubuhi! Hata tulisimama pale kununua ndizi.” Kisha akacheka kwa uchovu. “Kumbe ndiyo maana dada yangu naye aliikosa miezi michache iliyopita. Alikupigia sana, hupatikani, wakaenda kulala hoteli. Na shemeji yake vilevile.”

Mama akawaeleza kwa adabu kwamba nyumba imeshafungwa. Akawatakia safari njema, akawaombea watoto wao. Mimi nilikuwa bado nimeshika kisu na ndizi. Ni hapo tu nilipoelewa kwamba ramani haijui mazoea yetu. Ukiiambia Bukoba inakupeleka Bukoba. Iliniuma, na bado inaniuma, kwamba tovuti haikushindwa. Ilifanya kazi yake vizuri kabisa, na kila ilipopanda ilizidi kuwapitisha watu mbele ya nyumba ya mama.

Nilianza kusema kwamba naweza kurekebisha, niandike upya saraka zote. Mama akatikisa kichwa. Alichukua ndizi nyingine, akaigeuzageuza bila kuimenya.

“Kumbe walikuwa wanapita,” alisema. “Na mimi nimo ndani.”