Walisema Nimemeza Neno

“Sema!” Koko alinipigia kelele, mwiko mkononi. “Gunia nzima ya mbegu haiwezi kutembea yenyewe. Weye unajua mwizi, njo maana shingo inavimba.”

“Sijui kitu, Koko.”

“Basi ndani ya hiyo shingo kunalala nini?”

Nilipokuwa mtoto pale Ntoto, nikilelewa na Koko, mama yake Baba, kila mtu alijua rovu, ule uvimbe wa shingo, linatoka wapi: ni neno ulilolimeza. Uliona jambo, ukanyamaza, neno likakosa njia, likajenga nyumba shingoni. Dawa yake moja tu, kulitoa. Shingo yangu ilianza kuvimba msimu uleule mbegu za maharagwe za akina mama wa kanisa zilipoibiwa. Hawakutafuta mpelelezi. Walikuwa na mimi.

Nilijitahidi, jamani. Nilikiri kwamba ni mimi niliyekuwa nikilamba mawese. Nilimwambia katekista mahubiri yake hayaishi. Nilimwambia Koko mwenyewe kwamba ugali wake una mchanga. Watu walicheka, shingo haikupungua. Nami nilikuwa nikiamka na baridi, mzito kama kuni mbichi, nasinzia darasani. Walisema neno linaninyonya.

Ndipo mmoja wa akina mama akanishika bega, sauti tamu: “Mwizi haiko Mama Zawadi? Si unakulaka kwake kila siku? Jumapili tutakuita mbele ya kanisa. Itika tu na kichwa, mutoto, utapona.”

Mama Zawadi alikuwa mjane jirani yetu, aliyenipa ndizi za kuchoma bila kunidai maneno. Nilimkasirikia yule mama. Lakini kupona nilikutaka. Kuitika kwa kichwa kunachukua muda gani?

Kabla ya Jumapili hiyo Baba akarudi kutoka Rubaya, alikokuwa akibeba mizigo. Aliitazama shingo yangu. Akanipandisha pikipiki hadi kituo cha afya cha Mubi.

Infirmye, yaani muuguzi, mama mwenye haraka zake, aliniamuru nimeze mate huku vidole vyake viko shingoni kwangu.

“Papa, huyu mutoto anakula munyu gani?”

“Munyu ni munyu,” Baba alijibu, kana kwamba chumvi zote ni moja.

“Hapana. Ya pakiti, ao ingine?”

Baba akakohoa. “Ile ya mawe. Ya ng’ombe, kutoka Masisi. Iko bei rahisi.”

“Una ng’ombe nyumbani?”

“Hapana.”

“Sasa unalisha nani?”

Akatueleza kwamba shingoni kuna tezi inayotaka iodini, na iodini hiyo hutiwa kwenye chumvi ya pakiti. Tezi ikiikosa, inavimba ikijaribu kunasa hata kile kidogo kinachopita, na mwili unapoa, unasinzia.

“Kwa hiyo hakuna neno ndani?” nilimuuliza.

“Neno gani tena? Humu munakosa munyu muzuri tu.”

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Baba alidhani naumwa zaidi.

Jumapili alisimama kanisani, yeye ambaye hata kuimba alikuwa na haya. “Mutoto hajameza kitu. Ni miye nilimulisha munyu ya ng’ombe.” Kisha akakaa. Hakuna aliyeniita mbele.

Damu yangu ilipelekwa Goma. Majibu yaliporudi, infirmye alisema kipimo cha homoni ya kuiamrisha tezi kiko juu kwa sababu kichwa kinaipigia tezi kelele, “Fanya kazi! Fanya kazi!”, nayo haina cha kufanyia. Nilimwelewa vizuri sana. Mimi pia nilikuwa nimepigiwa kelele nitoe nisichokuwa nacho. Kwa vidonge vyake na chumvi ya pakiti, shingo ilipungua polepole, miezi mingi. Usingizi wa darasani uliondoka kwanza.

Leo nina duka Mubi. Mambo ya tezi nimejisomea mwenyewe, na anayetaka chumvi ya mawe namuuliza kwanza kama ana ng’ombe, wengine wananuna. Koko sikumkasirikia. Hakuwa na kipimo kingine, akapima kwa alichofundishwa. Lakini nikimwona mtoto mwenye shingo nene, bado napumua kwa nguvu nikikumbuka jinsi kichwa changu kilivyokaribia kuitika.

Ninaowadai ni wale akina mama. Mbegu hazikuonekana, na Mama Zawadi hakuombwa msamaha na hata mmoja wao. Yuko hai, nyumba ni ileile. Waende wakamwambie.