Shikamoo Iliyopigisha Mashine Kelele

Nakiri: nilimchekesha kaka yangu siku ambayo kazi yake ilikuwa moja tu, kupumua. Misuli yake ni dhaifu tangu utotoni, na nimonia ilikuwa imemlaza kwenye mashine ya kupumulia wiki mbili. Siku hiyo daktari alitaka apumue mwenyewe nusu saa, mashine imsimamie tu. Akiweza, mpira wa kooni unatolewa.

Kwetu Olmotonyi mdogo humsalimu mkubwa kwa kumwinamia kichwa ili aguswe utosini. Kaka kanizidi mwaka mmoja, na miaka yote nimemgomea salamu hiyo. Sasa nilipoona amekodoa macho kwa woga, nikainama hadi kwenye mkono wake: "Shikamoo, mzee wangu."

Akatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, akakohoa, mashine ikapiga kelele. Nesi akaja mbio, nikajua nimeua.

Akamsikiliza kifuani. "Kikohozi cha nguvu hivi, cha kutoa makohozi mwenyewe, ndicho tulichokuwa tunakisubiri. Lakini wewe, toka!"

Nusu saa ilipoisha, mpira ukatolewa. Mama akanifuata koridoni.

"Kuanzia leo shikamoo hiyo ni ya kila siku. Na ukimchekesha tena bila kumuuliza daktari, ile mashine sasa haina mtu, utalala wewe."