Wasichana wa Italia Waliokula Vitumbua vya Bibi

Juzi nilikuwa mkahawani hapa Al Barsha, Dubai, nasubiri chai, na runinga ya ukutani inaonyesha ligi ya wanawake ya Italia. Sikuitia maanani mpaka nilipoiona nembo kifuani mwa kipa. Nikasimama kabisa. Mhudumu akadhani nataka kulipa niondoke. Sikumweleza, maana ningeanzia wapi? Lakini wewe nitakusimulia.

Nilikulia hapa hapa, kwenye jengo la zamani, pamoja na mama na bibi yangu aliyehamia kutoka Unguja angali msichana. Nyuma ya jengo palikuwa na kiwanja kitupu cha mchanga. Msimu wa baridi, joto likishapungua, watoto tulicheza mpira pale hadi adhana ya magharibi. Mchanga ule uliingia kwenye soksi, masikioni, hata kwenye mto wa kulalia. Nikirudi nyumbani napokewa na harufu ya samaki wa nazi, na bibi kasimama mlangoni na ufagio.

"Hebu jitazame! Mtoto wa kike kutwa kufukuza mpira mchangani. Nani kakufunza?"

Mwaka ule mwalimu wa michezo aliniita kwenye timu ya wasichana ya shule. Mama alikubali. Bibi akakataa katakata, na kwetu bibi akishasema, khalas, mambo yamekwisha. Nililia mpaka macho yakavimba.

Mama alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli moja ya jirani. Siku hizo hizo ikafika timu ya wanawake kutoka Italia, yenye nembo ile ile niliyoiona juzi, imekuja kufanya mazoezi kwa sababu viwanja vya kwao vilikuwa vimeganda kwa baridi. Mama alirudi jioni anacheka, anasema leo amefua majani na udongo, si nguo. Hajapata kuona wanawake wanaochafuka namna ile, tena wanaoshuka chini kuja kushukuru. Nahodha wao, dada mrefu mwenye nywele fupi, alizoea kufuata jezi za wenzake mwenyewe. Siku moja mama akamwambia ana binti anayeupenda mpira. "Mlete," akasema.

Bibi hakutaka niende bila yeye. Akavaa buibui lake, akabeba kikapu cha vitumbua na chupa ya chai ya maziwa, kama anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Tukaketi watatu pembeni mwa uwanja.

Nikwambie nini? Mpira ukipigwa sawasawa una mlio wake mzito, unausikia tumboni. Na wale wanawake walikuwa wakiitana kwa sauti kubwa bila aibu yoyote; mimi nilizoea kuwasikia wanawake wakipaza sauti hivyo harusini tu. Wanaanguka, wanainuka, wanajipangusa magoti, wanarudi mchezoni. Kocha alipowaruhusu kupumzika, nahodha alibaki peke yake akipiga kona, moja baada ya nyingine. Bibi alikuwa akimfuata kwa macho. Mwishowe akanong'ona, "Huyu hachoki huyu?"

Wakaja kukaa nasi kwenye majani. Vitumbua vikaisha mara moja, na kipa akalamba vidole, jambo lililomfurahisha bibi kuliko shukrani zote. Nahodha akatusimulia kwa Kiingereza cha kubahatisha, mama akitafsiri. Mpira haukuwa ajira yao. Yeye asubuhi aliuza dawa dukani, kipa alifundisha shule, na mazoezi yalikuwa jioni, wakishachoka. Kuja Dubai kulikuwa kumekula likizo yake yote.

Bibi akamgeukia mama. "Muulize, mama yake kamruhusu?"

Nahodha akang'oa majani mawili matatu. "Alikataa," akasema. "Miaka mingi hakuja kuniona nikicheza. Juzi juzi ndiyo akaja. Baada ya mechi nikamkuta analia, nikadhani nimemuudhi. Akaniambia anazililia mechi zote alizozikosa."

Mama alitafsiri polepole. Bibi akakitengeneza kitambaa juu ya kikapu, ingawa kikapu kilikuwa kitupu. Tulipofika chini ya jengo akanishika bega.

"Huyo mwalimu wenu, mechi zake huwa siku gani?"

Alikuja Alhamisi iliyofuata, na kila Alhamisi ya mechi baada ya hiyo. Kanuni hakuzijua hata moja. Nikianguka tu, sauti yake inasikika uwanja mzima: "Inuka, mwanangu! Inuka!" Wazazi wengine walimcheka mwanzoni, kisha wakaanza kuwapigia watoto wao kelele kama yeye.

Sikuwa mchezaji wa maana, nisikudanganye. Nilimaliza shule na mpira ukaishia hapo. Wale wasichana niliowaona kwenye runinga wanaamka asubuhi wanakwenda uwanjani, na hiyo ndiyo kazi yao, wanaandikiwa mkataba. Nawafurahia kweli. Lakini moyo wangu ulikuwa kwa wale waliowatangulia, waliocheza vile baada ya kusimama dukani tangu asubuhi, na hakuna runinga iliyowaonyesha.

Kiwanja chetu sasa ni maegesho ya magari. Mama amestaafu. Bibi tulimzika, Mungu amrehemu. Nililia kama mjukuu yeyote anavyolia, ila kati yangu na yeye hapakubaki deni: kila nilipocheza, alikuwepo.